Hedhi Ikikoma, Mapenzi Hayakomi

Bibi harusi wa Pwani hufundwa na somo wake. Je, mke wa miaka 50 hufundwa na nani?

Hedhi aghalabu hukoma kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni hupungua, uke hukauka, na tendo la ndoa huweza kuuma. Mke hujitenga kwa haya. Mume hudhani amechokwa. Dada zangu, hali hiyo ina tiba: vilainishi vya duka la dawa, au krimu ya estrojeni kwa idhini ya daktari. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda ukapimwe upesi.

Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari ambao haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi tuulize, na waume zetu tuwaeleze.