Kazi ya Mchoraji wa Mimea

Muhula uliopita mwalimu wetu wa biolojia alituagiza kila mmoja achore ua la mbuni. Tawi nilikuwa nalo mezani, nimelikata katika shamba la baba. Lilikuwa la Robusta, kahawa ambayo huota yenyewe katika misitu ya kwetu Uganda. Lakini kwa haraka yangu nilifunua kitabu nikanakili picha iliyomo. Mwalimu akaniambia, "Hesabu petali." Katika mchoro wangu zilikuwa tano, katika ua langu zilikuwa sita. Nikaona haya. Kitabu hakikukosea, maana kilionyesha Arabika. Aliyekosa ni mimi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa. Tangu siku hiyo nimejifunza habari za watu ambao kazi yao ni kuchora mimea.

Mchoraji wa mimea hufanya kazi pamoja na wataalamu wa mimea. Kazi yake si kupamba ukuta, bali kuonyesha mmea ulivyo, hata mtu ambaye hajapata kuuona aweze kuutambua. Kwanza hushindana na wakati. Tawi likikatwa hunyauka, kwa hiyo hulitia majini na kuanza na ua na rangi zake. Majani yaweza kungoja. Hupima kila sehemu kwa bikari, akachora kwa penseli. Kisha hulipasua ua kwa wembe, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akahesabu stameni. Ikiwa mmea ulikwisha kukaushwa, huchemsha ua lake kidogo lipate kulainika. Mwisho hutia wino au rangi za maji.

Labda mtu atauliza, je, kamera haitoshi? Picha ya kamera huonyesha tawi lilivyo siku ile tu. Mchoraji huweka katika karatasi moja ua, tunda na mbegu, ingawa havikutokea pamoja. Ndiyo sababu vitabu vya mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, vilivyoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, vyenye aina zaidi ya 12,000, vina michoro mingi ya wino.

Wengi wanamjua Joy Adamson kwa habari za simba wake, Elsa. Lakini kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa maua ya Kenya, na mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza kwa kazi hiyo.

Nilipotaka kuchora upya, maua yalikuwa yamekwisha, maana ua la mbuni hudumu siku chache tu. Nilingoja mpaka mibuni ilipochanua tena. Sasa mchoro wangu una petali sita, na moja ina tundu la mdudu. Nimeliacha lilivyo.