Seva ya Filamu Isiyotoka Nje ya Nyumba

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani zao ikazorota kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na filamu zake kwenye kompyuta ya sebuleni, yaani seva yake, hakupaswa kuathirika hata kidogo. Lakini kama programu yake ilikuwa ya kuomba ruhusa ng'ambo kabla ya kucheza, basi filamu iliyo hatua tatu kutoka kwenye televisheni ilimpotea sawa na ya kulipia mtandaoni.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba ruta ya nyumbani ina kazi mbili. Inaunganisha vifaa vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe, na inavipeleka vifaa hivyo nje. Kazi ya pili ikisimama, ya kwanza inaendelea. Bando likiisha, Wi-Fi haifi: simu, televisheni na kompyuta bado zinasikilizana. Filamu ya saa mbili inayopita kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 7.2. Itazame kutoka kwenye seva yako mara kumi, na bando lako halipungui hata megabaiti.

Mashine hujuaje kwamba mwenzake yuko ndani? Kwa anwani. Tuseme seva ni 192.168.1.10 na televisheni ni 192.168.1.25. Ile 255.255.255.0 inayoandikwa chini ya anwani inaiambia seva kuwa wenye mafungu matatu ya mwanzo yanayofanana ni wa nyumba moja, kwa hiyo wapelekewe data moja kwa moja. Mwenye anwani tofauti na hizo yuko nje, na safari yake lazima ipitie langoni, yaani kwenye anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Ukizijaza anwani za seva kwa mkono na kuacha nafasi ya lango tupu, seva inabaki na majirani zake tu. Haijui pa kutokea.

Hapa wengi hudanganyika. Kwa kuwa anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, watu hudhani seva yenye anwani hiyo haifiki nje. Inafika. Ruta huibadilishia anwani kila inapotoka, kama inavyoifanyia simu yako. Anwani ya ndani inamzuia mgeni kuingia bila kualikwa, lakini haimzuii mwenyeji kutoka.

Njia ya kuacha nafasi ya lango tupu ni ya haraka, ila ina tundu: IPv6, yaani mfumo mpya zaidi wa anwani. Ruta inayotumia mfumo huo hutangaza lango lake yenyewe, na seva hulipokea bila kukuuliza. Kwa hiyo ama uzime IPv6 kwenye seva, ama ufanye ninavyopendelea mimi, uweke katazo kwenye ruta yenyewe. Ipe seva anwani isiyobadilika, kisha weka amri kuwa kifaa hicho kisitoke nje. Ruta za bei nafuu hazina ukurasa wa kueleweka wa mambo haya, lakini nyingi zina sehemu ya wazazi ya kudhibiti intaneti ya watoto. Ifanye seva kuwa mtoto aliyepigwa marufuku saa zote. Ubora wa njia hii ni kwamba siku ukitaka kusasisha programu unaondoa katazo kwa dakika chache, kisha unalirudisha.

Ukiwa huko, zima pia huduma ya UPnP ya ruta. Hiyo huruhusu programu yoyote ya ndani kuiomba ruta ifungue mlango wa nje bila wewe kujua. Usihofu kwamba televisheni itashindwa kuiona seva. Kutafutana kwa vifaa kupitia mfumo wa DLNA, ingawa kunatumia jina hilohilo la UPnP, hufanyika ndani kwa ndani bila kuitegemea huduma hiyo ya ruta.

Sasa programu, na hapa ndipo mipango mingi mizuri inapokwama. Plex ni nzuri kwa sura na rahisi kuanza nayo, lakini akaunti yako inahifadhiwa kwao, na kuingia kwa kawaida hupitia kwao. Ina sehemu ya kuorodhesha mitandao inayoruhusiwa bila kuingia kwa nenosiri, ila lazima uijaze intaneti ingalipo. Jellyfin, iliyochipuka Desemba 2018 kutoka kwenye programu ya Emby baada ya Emby kuufunga msimbo wake, huhifadhi watumiaji na nywila kwenye mashine yako mwenyewe. Unafungua kivinjari, unaandika anwani ya seva na mlango namba 8096, basi. Kwa nyumba inayotaka seva ya ndani tu, sioni sababu ya kuchagua nyingine. Na ni bure.

Hata kifaa cha kuonyeshea kinaweza kukuangusha. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa sababu cheti kimoja cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda, na wenye nazo wakasubiri kampuni iliyozitengeneza iwarekebishie. Filamu hazikuwa na kosa, wala mtandao wa nyumbani.

Seva iliyofungiwa haiwezi kwenda kutafuta picha za jalada na maelezo ya filamu. Ziweke zote kwa mkupuo kabla ya kufunga, na uiamuru Jellyfin ihifadhi picha na maelezo hayo ndani ya folda ya kila filamu, si kwenye hifadhidata yake tu. Hapo hata ukibadilisha kompyuta, vitu vyako vinakwenda na filamu. Manukuu nayo yapakue mapema. Filamu isiyojulikana kwenye hifadhidata za kimataifa, na za Bongo za namna hiyo ni nyingi, iwekee picha mwenyewe kwa jina la poster.jpg.

Kuna pia kero ya simu. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, inaweza kuhamia kwenye data ya laini kimyakimya, halafu ukaambiwa seva haipatikani. Zima data, au ukiulizwa kama ubaki kwenye Wi-Fi hiyo, kubali. Usijaribu kupitia Wi-Fi ya wageni pia, kwa kuwa mara nyingi imewekwa makusudi ili vifaa visionane.

Je, kufungia seva ni usalama kamili? Hapana. Simu yenye programu mbaya ikiingia kwenye Wi-Fi yako, iko ndani tayari. Lakini hatari unayoiondoa si ndogo. Mwaka 2022 wadukuzi walioivamia LastPass, kampuni ya kuhifadhi nywila, waliingia kwenye kompyuta ya nyumbani ya injinia wake mmoja kupitia tundu la zamani la Plex, ambalo lilikuwa limezibwa tangu Mei 2020. Injinia huyo hakuwa amesasisha. Programu ya kutazamia filamu ikawa njia ya kufikia hazina ya nywila za watu wengi. Kwa sababu hiyo, siku ya kusasisha iwepo kwenye kalenda hata kwa seva isiyotoka nje.

Ukimaliza yote, usijiamini kabla ya kupima. Zima seva na uiwashe upya, maana mengi yanayokubali leo hugoma baada ya umeme kukatika. Ukiwa kwenye seva, jaribu kuifikia anwani ya nje 1.1.1.1; ikijibu, mlango bado uko wazi. Kisha chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, au toa laini kama ni ruta ya laini, uache umeme, na utazame filamu nzima kwenye kila televisheni na simu ya nyumbani. Kitakachogoma kirekebishe siku hiyohiyo, wakati intaneti bado ipo ya kukusaidia.