Hatua 20 si mita 20, mshikaji!

HIVI mwalimu wa darasa la sita alipokuwa anaandika ubaoni mzingo na eneo la mstatili, wewe ulikuwa wapi? Kama ulikuwa dirishani unahesabu magari, pole sana. Hesabu ile ile ndiyo inayowaliza watu kwenye viwanja siku hizi.

Nenda Chanika, Kivule au Mbagala kule ndani ndani. Dalali anakwambia kiwanja ni "ishirini kwa ishirini". Ishirini nini? Anaanza kutupa miguu: moja, mbili, tatu... Hizo ni hatua, bwana, siyo mita! Hatua ya kawaida ya mtu mzima inacheza kwenye sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15.

Utasema, "Aah, mita tano tu!" Haya, piga hesabu. Mita 20 mara 20 ni mita za mraba 400. Mita 15 mara 15 ni 225. Kila upande umepungua robo tu, lakini ardhi imekatika karibu nusu, kwa sababu umepunjwa urefu na upana kwa mpigo. Kama ulitoa milioni 4 ukijua unanunua mita za mraba 400, basi 1,750,000 imeliwa mchana kweupe, na soda ukamnunulia.

Kuna na ule mchezo wa kamba. Kiwanja cha mita 30 kwa 10 ukikizungushia kamba unapata mzingo wa mita 80. Cha 20 kwa 20 nacho ni 80 hiyo hiyo. Jamaa anakwambia, "Kamba si ni ile ile, bosi?" Kamba ndiyo, ardhi siyo: cha kwanza kina mita za mraba 300 tu. Kifanye 38 kwa 2, kamba bado ni 80, ila eneo ni 76. Hapo labda ujenge korido.

Hata pande zote zikiwa mita 20 kweli, usikimbilie kusaini. Kiwanja kinaweza kuwa kimelala upande kama kiberiti kilichokanyagwa. Pima kona kwa kona, mara mbili. Kikiwa mraba wa haki, vipimo vyote viwili vitasoma mita 28 na sentimita 28. Ukikuta kimoja 24 na kingine 32, eneo limeshuka hadi 384. Mita 16 za mraba zimeyeyuka, yaani chumba kizima cha nne kwa nne.

Ukimaliza hapo unakutana na lori la mchanga. Bodi lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, mchanga ukifika sentimita 60, ujazo wake ni mita 4.8. Ukifika 45 tu, ni 3.6, robo imebaki machimboni. Wajanja wanarundika katikati ili lionekane limefura, kwa hiyo panda juu, sawazisha kwa koleo, ndipo upime.

Na futikamba ikifunguliwa kiwanjani, ile ncha yenye sifuri shika mwenyewe. Mwachie dalali, ataanzia kwenye mita moja.