Msamiati wa Kamera na Mapato ya Video za Mtandaoni: Maneno Yanayochanganywa

Kazi ya kutengeneza video na kuziweka mtandaoni imeenea miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili upesi kuliko msamiati wake ulivyopangwa. Maneno yapo, tena mengi. Kinachokosekana mara nyingi ni mpaka kati ya neno moja na jirani yake. Neno lilelile hutaja vifaa viwili, malipo mawili au haki mbili. Katika mazungumzo ya ana kwa ana utata huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa msemaji anaweza kukionyesha kifaa kwa kidole. Katika oda ya vifaa, mkataba au taarifa ya mapato, utata huohuo hugeuka hasara. Makala haya yanaeleza maneno yanayochanganywa zaidi, kuanzia ununuzi wa kamera hadi mgawanyo wa fedha, na kupendekeza namna ya kuyatenganisha.

1. Kihisi, si sensa

Sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha huitwa na wengi *sensa*, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Tatizo ni kwamba *sensa* tayari ni neno la Kiswahili lenye maana ya kuhesabu watu, kama katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Neno *kihisi* (ngeli ya KI-VI, wingi *vihisi*) limeundwa kutokana na kitenzi *hisi*, linaeleweka bila maelezo na halina mgongano.

Ukubwa wa kihisi ni jambo la kwanza linalotenganisha bei za kamera. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya picha katika mkanda wa zamani wa milimita 35. Kihisi cha APS-C kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lisilofika nusu ya kile cha kwanza. Mfasiri aepuke kuandika "kamera kubwa" pale anapokusudia "kamera yenye kihisi kikubwa", kwa sababu kamera yenye kihisi kikubwa inaweza kuwa na umbo dogo.

Vilevile, *ubora wa picha* si tafsiri salama ya idadi ya pikseli. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, takriban milioni 8.3 kwa kila fremu, lakini video hiyo inaweza kuwa na rangi mbovu na giza tele. Inapohesabiwa pikseli, iandikwe *idadi ya pikseli*, na *ubora* uachwe kwa tathmini ya jumla.

2. Tundu la lenzi na kasi ya shata

*Lenzi* (ngeli ya I-ZI) ni neno lililokwisha kuzoeleka. Halina haja ya kubadilishwa na *kioo*, kwa kuwa mafundi wa simu na wateja wao hutumia *kioo* kwa maana ya skrini. Sentensi "kioo cha kamera kimepasuka" inaweza kuwa na tafsiri mbili, na gharama ya matengenezo ya kila moja ni tofauti.

*Tundu la lenzi* ni nafasi inayopitisha mwanga. Namba zake husomwa kinyume: f/1.8 ni tundu pana kuliko f/8. Ndiyo maana maelekezo ya aina ya "ongeza f" huwapoteza wanafunzi. Vitenzi *panua* na *finya* vinaondoa utata.

Isiyopendekezwa: *Ongeza tundu hadi f/8.*
Inayopendekezwa: *Finya tundu hadi f/8.*

*Kasi ya shata* nayo inahitaji uangalifu, kwa kuwa kinachopimwa ni muda. Anayeambiwa "ongeza kasi ya shata" anatakiwa kupunguza muda, kwa mfano kutoka 1/50 hadi 1/200 ya sekunde. Katika maandishi ya kufundishia, ni bora kutaja namba zote mbili. Mfano mmoja wenye manufaa ni huu: umeme wa gridi nchini Tanzania na Kenya una marudio ya hezi 50, na baadhi ya taa hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Mpiga video anayechagua 1/50 au 1/100 ya sekunde huepuka mistari inayotembea kwenye picha; anayechagua 1/60 anaweza kuiona. Mwongozo uliofasiriwa kutoka Marekani, ambako marudio ni hezi 60, utampotosha msomaji ikiwa mfasiri atahamisha namba bila kuuliza zinatoka wapi.

3. Kipaza sauti, spika, maikrofoni na kinasa sauti

Hapa ndipo oda nyingi zinapoweza kupotea. Kwa muundo wake, *kipaza sauti* ni kifaa kinachoipaza sauti, yaani kuifanya isikike zaidi. Kwa matumizi, neno hilo hutaja kifaa kinachoshikwa na msemaji na pia kile kikubwa kinachotoa sauti ukumbini au msikitini. *Kinasa sauti* kwa kawaida ni kifaa cha kurekodi na kuhifadhi, lakini wapo wanaolitumia kwa kile cha kuzungumzia.

Kwa maandishi yenye fedha ndani yake, mgawanyo ufuatao unatosha:

- *maikrofoni*: kifaa kinachopokea sauti;
- *spika*: kifaa kinachotoa sauti;
- *kinasa sauti*: kifaa kinachorekodi na kuhifadhi sauti.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu maikrofoni ndicho kifaa ambacho anayeanza hukipa nafasi ya mwisho katika bajeti, ilhali ndicho kinachobadilisha kazi yake zaidi. Mahali pa wazi, umbali kati ya msemaji na maikrofoni ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni, hupokea sauti yenye nguvu mara 100 ya ile inayoifikia kamera iliyo mita mbili mbele. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, ila hachelewi kuiacha video asiyoisikia. Bajeti inayosema "kipaza sauti, kimoja" haimwambii mnunuzi anunue nini.

4. Kukodi na kukodisha, kodi na ushuru

Si kila kamera inafaa kununuliwa. Lenzi inayohitajika mara mbili kwa mwaka ni afadhali ikodiwe. Hapo huingia kosa linalosikika kila siku: kutumia *kukodisha* kwa pande zote mbili.

*Kukodi* ni kupata kitu kwa muda kwa malipo. *Kukodisha* ni kukitoa kwa mwingine kwa malipo. Kiambishi cha utendeshi, *-ish-*, ndicho kinachobeba tofauti: mwenye mali humfanya mwingine akodi.

Sahihi: *Asha amekodi kamera kwa siku tatu.* (Asha ndiye anayelipa.)
Sahihi: *Asha amekodisha kamera kwa siku tatu.* (Asha ndiye anayelipwa.)

Sentensi zote mbili ni sanifu, na hilo ndilo tatizo. Mkataba unaosema kwamba mpiga video "atakodisha vifaa vyote" unamwita mwenye vifaa, hata kama mwandishi alikusudia kwamba atavitafuta kwa gharama yake.

Nomino *kodi* nayo ina maana mbili: malipo ya pango na malipo kwa serikali. Katika orodha ya matumizi, neno hilo lisisimame peke yake. Iandikwe *kodi ya fremu* au *kodi ya studio* kwa pango, na *kodi ya mapato* kwa serikali. (*Fremu*, kwa wafanyabiashara wa Tanzania, ni chumba cha duka; kwa mpiga video ni picha moja kati ya 24 au zaidi zinazounda sekunde moja.) Nchini Kenya *ushuru* ndilo neno la kawaida kwa malipo ya serikali kwa jumla, na chombo kinachoyakusanya huitwa Mamlaka ya Ushuru. Tanzania chombo cha namna hiyo huitwa Mamlaka ya Mapato, na *ushuru* huelekea zaidi kwenye tozo za forodha, bidhaa na masoko. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali. Mtanzania anayeyasoma maelezo yake akikuta *ushuru* anaweza kudhani kinachozungumzwa ni tozo ya kuingiza kamera.

5. Watazamaji, kutazamwa na mitazamo

Neno moja la Kiingereza linalohesabu mara ambazo video imechezwa lina pia maana ya maoni ya mtu. Kutokana na hilo zimezaliwa tafsiri mbovu mbili: *mitazamo* na *maoni*. *Mtazamo* ni namna ya kulifikiria jambo. *Maoni*, kwenye majukwaa ya video, ni yale yanayoandikwa chini ya video. Anayesoma kwamba "video ina maoni elfu kumi" ataelewa kuwa watu wameandika mara elfu kumi.

Kosa la tatu ni la hila zaidi: *watazamaji*. Mtazamaji ni mtu, naye anaweza kuitazama video mara tano. Video iliyotazamwa mara 10,000 huenda ina watazamaji 6,000 tu. Mdhamini anayelipa kwa kila watazamaji elfu moja na yule anayelipa kwa kila mara elfu moja za kutazamwa hawalipi kiasi kimoja.

Inayopendekezwa: *Video imetazamwa mara 10,000 na watazamaji 6,000.*

Majukwaa huhesabu pia muda. Masharti ambayo YouTube iliyaweka mwaka 2018 kwa anayetaka kugawiwa mapato ya matangazo yalihitaji watu 1,000 waliojisajili kwenye chaneli na *saa* 4,000 *za kutazamwa* ndani ya miezi 12. Katika Kiswahili sanifu wingi wa *saa* ni *saa*. *Masaa* ni ya mazungumzo. *Waliojisajili* wasiitwe *wanachama*, kwa kuwa chaneli zinaweza kuwa na uanachama wa kulipia, na makundi hayo mawili hayana thamani moja.

6. Matangazo, mapato, faida na udhamini

*Matangazo* ni urushaji wa habari na vipindi, na pia ni taarifa za biashara zinazolipiwa. "Mapato ya matangazo mbashara" yanaweza kuwa fedha zilizotokana na kipindi kinachorushwa moja kwa moja, au zilizotokana na biashara zilizotangazwa ndani yake. Kuongeza *ya biashara* kunatatua tatizo.

*Mapato* na *faida* si visawe. Mapato ni kinachoingia. Faida ni kinachobaki. Chukua mfano wa kubuni. Wafanyabiashara wamelipia matangazo ya dola 200 kwenye video ndefu za chaneli moja ya YouTube. Jukwaa humpa mwenye chaneli asilimia 55, yaani dola 110. Hayo ndiyo mapato yake. Akiondoa dola 40 za kukodi lenzi, 25 za bando la intaneti na 15 za usafiri, faida yake kabla ya kodi ni dola 30. Gazeti likiandika kwamba kijana huyo "amepata faida ya dola 200", limekosea mara mbili, na mwanafunzi anayelisoma ataacha shule kwa matumaini ya hesabu isiyo sahihi.

*Mdhamini* ni anayegharimia kipindi ili jina lake litajwe. Ni pia anayesimama badala ya mwingine mahakamani au benki. Mkataba ueleze mapema: "Katika mkataba huu, *mdhamini* maana yake ni kampuni inayogharimia video."

7. Kuuza video au kuruhusu itumike

Jambo la mwisho ndilo lenye hasara isiyorudishika. Katika mazungumzo, mpiga video akilipwa na kampuni husema *ameuza video*. Kisheria kuna mambo mawili tofauti. *Kuhamisha hakimiliki* ni kuitoa haki yenyewe, kiasi kwamba mtengenezaji wa video huenda asiruhusiwe kuiweka tena hata kwenye chaneli yake. *Kutoa leseni* ni kumruhusu mwingine aitumie kwa muda, mahali na namna iliyotajwa, huku haki ikibaki kwa mwenyewe. Nchini Tanzania eneo hili linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mfasiri anayekutana na idhini ya mwaka mmoja na kuiandika *kuuza* amemnyang'anya mtu mali yake kwa kalamu. Kitenzi *uza* kiachwe kwa kamera, betri na tripodi. Kwa video, iandikwe ni haki gani inatolewa, kwa nani na kwa muda gani.

Kwa mwalimu

Neno *maudhui* linafaa kuhitimisha somo. Wanafunzi hulijua kutoka fasihi, katika jozi ya *fani na maudhui*, ambako lina maana ya ujumbe na mawazo ya kazi. Mtandaoni *maudhui* ni kazi nzima: picha, sauti na maneno, kama katika Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania. Upatanisho wake haubadiliki: *maudhui haya yamependeza*, si *maudhui hizi zimependeza*. Zoezi jepesi ni kuwapa wanafunzi mkataba mfupi wa video wenye maneno *kukodisha*, *kodi*, *watazamaji*, *matangazo* na *kuuza*, kisha kuwaomba waonyeshe, kwa kila neno, nani atalipa na nani atalipwa. Pale wanapotofautiana ndipo mkataba unapohitaji kuandikwa upya.