Siwa ya Pujini na Tarakimu za Kompyuta

Msafiri anayetoka Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake, akaelekea kusini-mashariki kwa mwendo wa kama kilomita 10, hufika Pujini, penye magofu ya ngome ya karne ya 15 na ya 16 ambayo masimulizi ya Wapemba huinasibisha na Mkama Ndume. Katika magofu hayo mna chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na ukutani mwake pana umbo la siwa lililofinyangwa kwa lipu ya chokaa. Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, mwanaakiolojia aliyepachimbua mahali hapo, amelieleza katika maandishi yake.

Siwa ni baragumu kuu la watawala wa mwambao, nalo hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si la nchani. Mbili zilizo mashuhuri zimehifadhiwa nchini Kenya: ya Pate, ya pembe ya ndovu, yenye urefu unaozidi mita 2, na ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba. Ile ya Pujini imebaki umbo tu.

Siku hizi wanafunzi wa shahada ya uzamivu huhifadhi ala za kale kwa njia ya kompyuta, kisha huyapeleka matokeo yao mbele ya mikutano ya wataalamu, kama ile ya Baraza la Kimataifa la Muziki na Ngoma za Jadi, lililoasisiwa London mwaka 1947. Siwa ya Pujini ni mtihani mzuri wa kazi ya namna hiyo, kwa sababu inalazimisha swali ambalo ala nzima huweza kulificha: katika yale yanayoonyeshwa, lipi limepimwa na lipi limekisiwa?

Kompyuta haijui pembe wala mti, inajua tarakimu. Ili umbo liingie ndani yake, kila nukta ya uso wa ala hupewa namba tatu: urefu, upana na kina. Nukta hizo hupatikana kwa picha nyingi zinazopishana, au kwa mwali wa leza. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umetumia leza kupima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Lakini njia zote mbili huona nje tu, na sauti ya baragumu hutengenezwa ndani.

Kuona ndani kunahitaji eksirei, zilizogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Katika tomografia ya kompyuta ala hupigwa eksirei kutoka pande nyingi, na hesabu hurudisha sura ya kila kipande cha ndani. Msingi mmoja wa hesabu hiyo uliwekwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield. Kati ya miaka 2014 na 2018 makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum ya Nuremberg, kwa kushirikiana na taasisi ya Fraunhofer, yalipima kwa njia hii ala zaidi ya 100 ili kuweka kanuni za kazi hiyo. Pembe ya ndovu na mti hupenyeka vizuri. Shaba nene ni taabu: hunyonya miale na kuacha michirizi ya uongo katika picha. Kwa hiyo, siwa ya Pate ingepimika kwa wepesi kuliko ya Lamu.

Ya Pujini haina ndani. Ni nani basi atakayeifanya ilie? Hapa fizikia ya shuleni inatosha. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, sauti husafiri hewani kwa kasi ya karibu mita 348 kwa sekunde. Chukua bomba la urefu wa mita 2 lililofungwa upande wa midomo. Uvungu wake ukiwa na umbo la koni, sauti yake ya chini kabisa, kinadharia, ni 348 ikigawanywa kwa mara mbili ya urefu, yaani mitetemo 87 kwa sekunde. Uvungu ukiwa na umbo la mcheduara, kigawanyo huwa mara nne ya urefu, na jibu huwa 43.5. Tofauti ni oktava nzima, na huku wasifu wa nje ni ule ule!

Pembe ya ndovu yenyewe huzidisha utata. Asili huipa uvungu wa koni upande wa shinani tu. Kuelekea nchani ni nzima, na fundi hana budi kuitoboa. Ikiwa siwa ile ilikuwa ya pembe, huenda ilikuwa koni kwa sehemu na mcheduara kwa sehemu, na sauti yake ikaangukia mahali fulani katikati. Ikiwa ilikuwa ya shaba au ya mti, hesabu huanza upya. Lipu ya Pujini haisemi.

Mkutanoni mtoa mada hupewa takriban dakika 20, maswali yakiwamo. Wengi huanza kwa kuwasikilizisha wajumbe sauti iliyotungwa na kompyuta. Huo ni mwanzo mbaya. Sikio likishasadiki, jicho halirudi tena kwenye jedwali, na wiki ijayo sauti ile itachezwa darasani kama sauti halisi ya mfalme wa Pemba. Ni afadhali mfano uonyeshwe kwa rangi mbili, moja ya vilivyopimwa na moja ya vilivyokisiwa, kisha zichezwe sauti mbili, ya koni na ya mcheduara, moja baada ya nyingine. Mwanafizikia atauliza kiasi cha kosa la kipimo. Mpiga zumari, ikiwa amealikwa (na mara nyingi hakualikwa), atauliza midomo ya nani ilipuliza, kwa maana kompyuta imewekewa midomo ya kubuni pia.

Yanayopimika Pujini ni machache, nayo hayahitaji mtambo wa Nuremberg: urefu wa umbo, mpindo wake, upanuzi wa mdomo wake, na mahali tundu la ubavuni lilipochorwa, kama lilichorwa. Kwa idhini ya mamlaka ya mambo ya kale, simu yenye kamera, rula iliyowekwa kando ya ukuta ili kuonyesha kipimo, na picha zinazopishana kwa theluthi mbili hivi zinatosha. Chumba kina giza, hivyo taa ni lazima, nayo isisogezwe kati ya picha na picha.