Kidonge cha Chuma na Amana ya Watoto wa Pemba

Asimamaye gatini Mkoani akatazama baharini hukiona kisiwa cha Makoongwe mbele yake, karibu kiasi cha kudhani kwamba angeweza kumwita mtu aliyeko ng'ambo akaitika. Lakini mama wa Makoongwe ambaye mwanawe ameshikwa na homa usiku haoni ukaribu huo. Yeye huona maji, na chombo kinachopaswa kupatikana, na safari ya kufika hospitali ya Abdalla Mzee hali mtoto anawaka mikononi mwake. Mtu aishiye hivyo huipenda kinga kuliko tiba. Akiletewa mlangoni kidonge, akaambiwa ni cha kumwongezea mtoto damu, atakipokea, atasema bismillahi na kumnywesha mwanawe.

Sisi wa kurasa hizi za familia tumejiuliza: ni nani aliyehakikisha kwamba kidonge hicho kinamfaa mtoto wa Pemba, si mtoto wa nchi nyingine tu? Jawabu tumelikuta karibu kuliko tulivyotarajia. Liko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri.

Maabara hiyo ilifunguliwa mwaka 2000. Ni mali ya Wizara ya Afya ya Zanzibar, nayo imejengwa na kulelewa kwa msaada wa taasisi isiyotafuta faida ya mjini Milano, Italia. Profesa Ivo de Carneri, ambaye jina lake limepewa maabara, alikuwa mtaalamu wa vimelea vya maradhi, na alifariki mwaka 1993. Mwaka uliofuata mjane wake aliianzisha taasisi hiyo ili kazi ya mumewe isikatike. Kwetu sisi tuliolelewa kwa mafunzo ya sadaka yenye kuendelea, jambo hili si geni, ingawa waliolifanya si wa dini yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malaria ilikuwa ingali ikiwatesa watoto wa Pemba, na minyoo ya safura iliwanyonya damu. Upungufu wa damu ulienea majumbani. Ushauri wa kimataifa wa wakati huo ulikuwa mwepesi kuueleza: katika nchi zenye upungufu mkubwa wa damu, wapeni watoto wadogo wote madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Hakuna aliyeona shaka. Chuma hujenga damu, na watoto hawana damu ya kutosha. Kuna nini tena cha kuuliza?

Watafiti wakauliza. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, kikishirikiana na maabara ya Wawi na Wizara ya Afya, kiliandikisha watoto 24,076 wa Pemba, wenye umri wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35. Waligawanywa kwa kura mafungu matatu, kila fungu watoto wapatao 8,000. Fungu la kwanza lilipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. La pili likapewa hivyo hivyo na kuongezewa zinki. La tatu likapewa kidonge kitupu, kinachofanana na vile vingine kwa sura. Mzazi hakujua mwanawe yumo fungu gani, wala mtoaji hakujua. Baadhi ya watu huiona siri hii kuwa hila. Sisi twaona ni uadilifu, kwa kuwa mtu akijua ni yupi aliyepewa dawa, jicho lake huanza kuona nafuu hata pale isipokuwapo.

Kulikuwa na kamati ya wataalamu huru ambayo kazi yake ni kuchungua hesabu za wagonjwa na vifo wakati kazi inaendelea. Tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati hiyo, mafungu yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa hospitali uliozidi kwa asilimia 12 ule wa wenzao waliopewa kidonge kitupu.

Na tutue hapo kidogo. Waliokuwa wakihesabiwa ni watoto wenye majina, waliotolewa na wazazi wao kwa imani. Watafiti wangeweza kuona haya kwa matokeo hayo. Badala yake waliyachapisha mwaka 2006 katika jarida la Lancet la Uingereza, na miongoni mwa majina ya waandishi, pamoja na Sunil Sazawal na Robert Black, yamo majina ya kwetu: Mahdi Ramsan, Hababu Chwaya, Mashavu Othman, Fatma Kabole.

Kwa nini chuma kidhuru? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba vijidudu navyo hukihitaji chuma ili vistawi, na mwili wenye malaria ukiongezewa chuma usichokihitaji, huenda adui ndiye anayelishwa. Uchunguzi mdogo uliofanywa ndani ya utafiti huo uliongeza jambo la maana: watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu, ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa kwa karibu, walinufaika. Na kusini mwa Nepal, ambako hakuna malaria ya namna ya kwetu, utafiti kama huo haukuonesha madhara hayo.

Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Leo, kwenye nchi za malaria, linataka chuma cha watoto kiambatane na kinga, kipimo na tiba ya malaria.

Haikuwa mara pekee kwa Pemba kusema hapana. Baadaye watoto wachanga zaidi ya 36,000 waliingizwa katika utafiti wa kusafisha kitovu kwa dawa ya klorheksidini, iliyokuwa imeonesha kuokoa maisha Nepal na Bangladesh. Hapa haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuthibitika. Majibu ya namna hii hayavutii magazeti, nasi tumo katika lawama hiyo.

Tahadhari moja kwa kina mama. Utafiti wa chuma ulihusu watoto wadogo. Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki asiviache kwa sababu ya makala hii, na mwenye mtoto aliyeandikiwa dawa ya damu amuulize daktari kabla ya kuikatiza.

Pemba ya sasa si ile ya mwaka 2003. Dawa ya mseto na vyandarua vimeishusha malaria mno. Lakini daktari akimchoma kidole mtoto wa Makoongwe apime malaria kwanza, ndipo aandike dawa ya kuongeza damu, na mama akaona anacheleweshwa wakati chombo cha kurudi kinangoja, basi ajue kwamba hatua hiyo ya kwanza wameilipia watoto wa kisiwa hiki hiki.