Je, Wajua? Mshale wa Dashibodi Huzipata Wapi Habari Zake

Gari limechemsha njiani, mvuke unafuka chini ya boneti, na mshale wa joto umelala kwenye baridi. Dereva anaapa kwamba geji haikumwonyesha kitu. Wapita njia wanamcheka, kumbe anasema kweli. Sensa ya joto hupima kile tu kinachoigusa. Maji yakiwemo, inapima maji. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yote yakamwagika, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo haviipashi joto kama maji yanavyoipasha. Mshale unashuka wakati chuma kinaungua. Basi mwenye gari la zamani akiona mshale umepanda kisha ukaanguka ghafla, asianze kushukuru. Asimame, azime injini.

Kila geji unayoiongeza kwenye gari ni mleta habari, na mleta habari huulizwa kwanza alikuwa amekaa wapi.

Je, wajua kwamba geji ya joto iliyovuma zaidi zamani haikukaa ndani ya gari? Iliitwa Boyce MotoMeter, kipimajoto kilichofungwa juu ya mfuniko wa rejeta, na dereva alikisoma kupitia kioo cha mbele. Nacho kilipima hewa na mvuke ulio juu ya maji, si maji yenyewe. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye Ford Model T, gari lililoundwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kutoka kiwandani bila geji ya joto wala ya presha ya oili. Petroli nayo ilipimwa kwa kijiti: unainua kiti cha dereva, unafungua tanki lililo chini yake, unachovya. Kwa hiyo kuongeza geji za kununua dukani si mbwembwe za vijana wa leo. Volkswagen Beetle ilikaa bila geji ya petroli hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini ikianza kukohoa, dereva aligeuza kikoki kwa mguu, akapata lita chache za akiba za kumfikisha kituoni.

Neno dashibodi lenyewe ni kongwe kuliko gari. Asili yake ni ule ubao wa mbele wa gari la farasi, uliozuia matope ya kwato yasimrukie abiria.

Je, wajua kwamba taa nyekundu ya oili huwaka wakati mambo yamekwishaharibika? Katika magari mengi swichi yake huwasha taa pale presha inaposhuka chini ya pauni 5 hadi 7 hivi kwa inchi ya mraba. Mafundi wengi hutumia kanuni ya pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ukiwa kwenye mizunguko 3,000 unatarajia 30 au zaidi. Ikishuka hadi 12, beringi zinalia, na taa bado imezimika. Ndiyo maana geji ya kwanza kuongezwa kwenye gari la zamani huwa ni ya oili.

Na ndani ya geji hiyo, kama ni ile ya kimakanika isiyohitaji umeme, kuna uvumbuzi wa mwaka 1849. Mfaransa Eugène Bourdon aligundua kwamba mrija bapa uliokunjwa kama ndoana hujinyoosha ukisukumwa na presha kutoka ndani. Funga mshale kwenye ncha yake, umepata geji. Ilipimia presha ya mvuke kwenye mitambo kabla magari hayajakuwepo, na hadi leo haijabadilika sana.

Uzuri wake ni kwamba inapokea presha ya oili yenyewe bila dalali. Ubaya wake ni huo huo: oili ya moto inasafiri kwa mrija hadi mbele ya magoti yako. Niliwahi kuifunga mwenyewe kwenye pikapu ya miaka ya 1980, kwa ule mrija mwembamba wa nailoni uliokuja ndani ya boksi. Pale unapopenya bati linalotenga injini na miguu ya dereva sikuweka kipande cha mpira, maana tundu lilionekana safi. Bati likaanza kuusugua taratibu. Siku moja, kwenye mlima, nikahisi kitu cha moto kinanitiririkia kwenye kandambili. Mshale ulikuwa kwenye sifuri, na safari hiyo haukuwa unadanganya. Nilibadilisha nikaweka mrija wa shaba, lakini shaba nayo hukatika kwa mtikisiko, kwa hiyo unaizungusha duara moja au mawili kabla haijafika kwenye injini ili ipate pa kuchezea.

Geji ya joto ya kimakanika ina mrija pia, ila huo usiuguse na mkasi. Umezibwa pande zote, ndani mna kimiminika chepesi kama etha ambacho kikipata joto husukuma mshale. Wapo waliouona mrefu, wakaukata ili waufupishe. Hapo geji imekufa, haiungiki. Toboa tundu la kupitisha nati yake nzima, halafu mrija uliobaki uzungushe, ufunge pembeni.

Je, wajua kwamba moja ya nane ya inchi si moja duniani? Sensa nyingi za geji za Marekani za kipimo hicho zina nyuzi 27 kwa inchi, zilizochongwa kwa pembe ya digrii 60. Magari ya Japani hufuata kipimo cha Kiingereza chenye asili kwa Joseph Whitworth, aliyetoa pendekezo lake mwaka 1841: nyuzi 28, digrii 55. Tofauti ni uzi mmoja tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Sensa ya Marekani inaingia vizuri kwenye injini ya Toyota, raundi ya kwanza, ya pili, kisha inakaza. Fundi anadhani imekaa, anaongeza nguvu, na oili inavuja au aluminiamu inapasuka. Dawa ni adapta ya bei ndogo. Fungua swichi ya zamani, nenda nayo dukani mkononi.

Pia usiizungushie sensa tepu nyeupe ya mafundi bomba mara kumi. Sensa ya waya mmoja hupata arthi kupitia nyuzi zake; ukiitenga na chuma cha injini, geji inakosa njia ya kurudisha umeme.

Geji ya petroli ndiyo yenye vituko. Boya la tanki hubadilisha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu, na kila kampuni ilichagua namba zake. Magari mengi ya zamani ya General Motors yalitumia 0 tanki likiwa tupu na 90 likijaa. Ford za zamani za Marekani zilikwenda kinyume, 73 tupu na 10 limejaa. Chukua geji ya General Motors uifunge kwenye tanki la Ford: ukijaza, itakwambia umebakiza tone, na ukiishiwa itakwambia tanki karibu limejaa. Haijaharibika. Inasoma lugha nyingine. Geji na boya vinunuliwe vya kufanana, basi.

Ya mizunguko ya injini nayo mara nyingi ina kiswichi nyuma cha silinda 4, 6 au 8. Ukiiacha kwenye 8 wakati injini yako ni ya silinda 4, itaonyesha nusu. Injini inapiga 4,000, wewe unasoma 2,000 na kujisifu kwamba gari limetulia.

Kwa umeme, chagua geji ya volti, achana na ya ampea. Ile ya ampea hupitishiwa karibu umeme wote wa gari kwa waya mnene hadi ndani ya dashibodi na kurudi, na nati moja iliyolegea hapo inatosha kuanzisha moto. Ya volti inachungulia tu, kwa waya mwembamba wenye fyuzi. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5. Mwenye Land Rover ya zamani aangalie kwanza ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi. Hadi miaka ya 1960 Waingereza wengi walifunga chanya, na geji za kisasa za elektroniki huungua zikiunganishwa kinyume.

Je, wajua kwamba geji ya mvuto wa hewa hubadilika ukipanda mlima? Injini nzima ikiwa sailensi pale Mombasa au Dar es Salaam huonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kila mita 300 unazopanda huondoa takriban inchi moja. Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, injini ile ile itasoma 13 au 14. Usikubali kufunguliwa valvu kwa sababu hiyo.

Zipo pia geji zilizoundwa zisikusumbue. Katika Mazda MX-5 za kuanzia katikati ya miaka ya 1990, geji ya oili iliendeshwa na swichi tu: presha ikiwepo, mshale unasimama katikati, presha iwe 20 au 60.

Na ukiona gari la mashindano lenye geji zilizofungwa upande, namba zimelala, usimcheke fundi. Amezizungusha makusudi ili injini ikiwa salama mishale yote isimame wima. Dereva hasomi namba. Anatafuta ule mmoja ulioinama.